Printa ya lebo: anza na chupa, malizia na mashine

SOMO LA WIKI

Mjasiriamali mmoja wa Dar es Salaam anayetengeneza achari ya embe alirudishiwa katoni 3 na duka kubwa ambalo alikuwa amelibembeleza kwa miezi kadhaa limpe nafasi kwenye rafu. Achari ilikuwa nzima, chupa hazikuvuja, na bei haikuwa na tatizo. Kilichoharibika ni lebo. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa imefifia hata haisomeki, na alama ya mistari, yaani bakodi, ilikataa kusomwa na mashine ya kaunta.

Katoni 3 zenye chupa 24 kila moja ni chupa 72. Kwa bei yake ya Sh. 4,000 kwa chupa, mzigo uliorudi ulikuwa wa Sh. 288,000. Printa iliyochapa lebo hizo aliinunua Sh. 300,000, akafurahi kwamba ameokoa fedha kwa kuacha ile ya bei kubwa iliyokuwa pembeni yake. Katika siku moja akiba yote ikayeyuka, na nafasi kwenye rafu ikawa mashakani.

Mwandishi wa makala haya alipomuuliza alichagua vipi mashine ile, jibu lake lilikuwa lile ambalo wengi wetu tungelitoa: aliangalia bei, akaangalia kasi, akaangalia kama inaunganishwa na simu. Hakuna aliyemuuliza lebo itakaa wapi na kwa muda gani. Hapo ndipo penye somo letu la wiki hii. Anayetaka kununua printa ya lebo hana budi kuanza na bidhaa yake, kisha lebo inayoifaa bidhaa hiyo, na mashine iwe jambo la mwisho.

NJIA 3 ZA KUCHAPA

Mfanyabiashara mdogo ana njia 3 za kupata lebo bila kwenda kiwandani.

Njia ya kwanza ni printa ya kawaida ya ofisini, ya wino au ya leza, pamoja na karatasi za stika za ukubwa wa A4. Hii ndiyo inayotumiwa na maduka mengi ya steshenari. Ubora wake ni rangi: picha ya embe itaonekana kama embe. Printa ya leza huyeyusha unga wa rangi ukashikamana na karatasi, kwa hiyo maji hayaufuti kirahisi. Wino wa kawaida wa printa ya wino huchuruzika ukipata unyevu, na chupa ikitoka kwenye jokofu haikosi unyevu. Aidha, karatasi ya stika ambayo nusu ya lebo zake zimekwisha kubanduliwa isirudishwe ndani ya printa ya leza. Joto hulegeza gundi na lebo huweza kubanduka na kung'ang'ania ndani. Kwa anayetaka lebo 5 tu, karatasi nzima hupotea.

Njia ya pili ni mashine ya joto isiyotumia wino wala utepe. Karatasi yenyewe imepakwa dawa yenye rangi isiyoonekana na tindikali kidogo. Kichwa cha kuchapia kinapopata moto, vitu hivyo viwili huyeyuka, hukutana na kuwa vyeusi. Kila mfanyabiashara wa Tanzania anaijua karatasi ya aina hii, kwa sababu ndiyo ya risiti za mashine za EFD zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010. Iache risiti juani kwenye dashibodi ya gari, au kwenye pochi ya plastiki, kisha itafute baada ya miezi michache. Ndiyo maana wahasibu makini huzitolea kivuli risiti zao mapema.

Tabia hiyo ya risiti ndiyo tabia ya lebo. Mafuta, spiriti, jua na joto hulitenganisha lile pendo la rangi na tindikali, na maandishi hurudi kuwa meupe. Au karatasi nzima huwa nyeusi ikipata joto kali. Achari ina mafuta. Rafu aliyopewa mjasiriamali wetu ilikuwa karibu na kioo cha mbele ya duka. Lebo yake ilikuwa imehukumiwa kabla haijabandikwa.

Njia ya tatu ni mashine ya joto inayotumia utepe, au riboni kama wauzaji wanavyouita. Hapa joto haliunguzi karatasi. Huyeyusha wino mkavu ulio kwenye utepe ukahamia kwenye lebo. Utepe una daraja 3. Wa nta ni wa bei nafuu na unafaa karatasi za kawaida. Wa nta iliyochanganywa na resini hustahimili kusuguliwa na unyevu. Wa resini tupu huchapia lebo za plastiki na hustahimili hata kemikali. Ukioanisha utepe na lebo ipasavyo, maandishi hudumu kwa miaka.

Faida hiyo ina bei yake. Mashine ni ghali zaidi, kuna kitu cha pili cha kununua kila mara, na rangi kwa kawaida ni moja tu, nyeusi. Nyingi za mashine hizi huweza pia kuchapa bila utepe zikiwekewa karatasi ya joto, jambo ambalo mashine ya aina ya pili haiwezi kulifanya kinyume chake.

HESABU YA LEBO MOJA

Sasa tuje kwenye fedha. Tutumie biashara ya achari inayojaza chupa 600 kwa mwezi, yaani 7,200 kwa mwaka, na mashine itakayotumika miaka 3. Bei zifuatazo ni za mfano. Msomaji aweke zile atakazopewa dukani na hesabu itabaki ileile.

Steshenari: karatasi moja ya stika yenye lebo 12 kwa Sh. 1,500. Kila lebo ni Sh. 125. Kwa mwaka ni Sh. 900,000.

Mashine isiyo na utepe: bei Sh. 300,000. Roli la lebo 1,000 ni Sh. 12,000, yaani Sh. 12 kila lebo. Kwa mwaka lebo ni Sh. 86,400, na theluthi ya bei ya mashine ni Sh. 100,000. Jumla Sh. 186,400.

Mashine yenye utepe: bei Sh. 750,000. Roli la lebo 1,000 ni Sh. 10,000, yaani Sh. 10 kila lebo. Utepe wa mita 74 ni Sh. 7,000. Lebo yenye urefu wa milimita 50, pamoja na nafasi ya milimita 3 kati ya lebo na lebo, hula utepe wa milimita 53. Kwa hiyo utepe mmoja hutosha lebo 1,396 hivi, sawa na Sh. 5 kila lebo. Jumla ya lebo na utepe ni Sh. 15. Kwa mwaka ni Sh. 108,000, na theluthi ya bei ya mashine ni Sh. 250,000. Jumla Sh. 358,000.

Tofauti kati ya mashine mbili ni Sh. 171,600 kwa mwaka. Hiyo ndiyo akiba aliyoifuata mjasiriamali wetu. Mzigo uliorudishwa siku moja ulikuwa wa Sh. 288,000, yaani zaidi ya akiba hiyo kwa Sh. 116,400, na hapo hatujahesabu nauli, lebo mpya, wala imani ya meneja wa duka. Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi.

Lakini hesabu hiyohiyo inawaonya pia wale wanaotaka kukimbilia mashine kubwa. Mashine yenye utepe huokoa Sh. 110 kwa kila lebo ikilinganishwa na steshenari, hivyo hurudisha bei yake baada ya lebo 6,818. Kwa chupa 600 kwa mwezi, hiyo ni miezi 11 na ushee. Kwa chupa 100 kwa mwezi, ni zaidi ya miaka 5 na nusu. Mwenye chupa 100 aendelee na steshenari, na fedha zake aziweke kwenye embe na chupa.

Ipo pia njia ya kati, ambayo wengi huisahau. Lebo nzuri ya rangi ichapishwe kiwandani kwa maelfu, ikiwa na nafasi nyeupe iliyoachwa makusudi. Kisha mashine ndogo yenye utepe ichape kwenye nafasi hiyo yale yanayobadilika tu: tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo. Bidhaa inapata sura ya kuvutia, na mwenye mali hatupi lebo kila tarehe inapobadilika. Kwa mwenye bidhaa 1 au 2 zinazouzika kwa wingi, hii mara nyingi ndiyo njia bora. Mwenye bidhaa 15 za viwango vidogo, kila moja na jina lake, hatanufaika nayo.

LEBO NI SHARTI PIA

Kwa chakula kilichofungashwa, lebo si pambo. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula Tanzania Bara uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, baada ya kuondolewa kwa iliyokuwa TFDA. Kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 38, ndicho kinachohusu uwekaji lebo kwenye chakula kilichofungashwa. Mambo ya msingi yanayotakiwa kwenye lebo ni jina la chakula, viambato, ujazo au uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, nchi kilikotoka, namba ya toleo, tarehe na maelekezo ya kuhifadhi.

Kiwango cha kimataifa cha Codex cha mwaka 1985, kilicho msingi wa viwango vingi vya aina hii, kinataka maandishi yawe wazi, yasomeke kwa urahisi na yasifutike katika mazingira ya kawaida ya kununua na kutumia bidhaa. Neno "yasifutike" ndilo la kupigia mstari. Lebo ya karatasi ya joto kwenye bidhaa itakayokaa rafuni miezi 12 ni vigumu kulitimiza.

BAKODI HAITAKI KUBANWA

Kosa jingine ni kununua lebo ndogo ili kupunguza gharama, kisha kuibana bakodi iingie. Hapa kuna hesabu ndogo ambayo muuzaji hakwambii.

Printa nyingi za lebo huchapa nukta 203 kwa inchi, sawa na nukta 8 kwa milimita. Kila nukta ni milimita 0.125. Bakodi ya EAN-13, ile ya tarakimu 13 inayotumika madukani, pamoja na nafasi nyeupe za lazima kulia na kushoto, ina upana wa vipande 113 vilivyo sawa. Kipimo cha kawaida cha kipande kimoja ni milimita 0.33, na kinaruhusiwa kupunguzwa hadi asilimia 80, yaani milimita 0.264. Printa haiwezi kuchapa nusu ya nukta. Nukta 2 ni milimita 0.25, chini ya kiwango. Nukta 3 ni milimita 0.375, na bakodi nzima inakuwa na upana wa milimita 42.4.

Maana yake ni kwamba lebo yenye upana wa milimita 40 haitoshi bakodi ya EAN-13 kwenye printa ya nukta 203. Chukua ya milimita 50. Ukitumia printa ya nukta 300, kipande cha nukta 4 hutoa bakodi ya milimita 38.3 hivi, na lebo ya milimita 40 inaingia kwa shida. Kwa maandishi madogo ya viambato pia nukta 300 husomeka vizuri zaidi. Kwa lebo kubwa za vifurushi, nukta 203 zinatosha kabisa na hakuna haja ya kulipia zaidi.

Namba yenyewe ya bakodi haitungwi nyumbani wala haiazimwi kwa jirani. Hutolewa na taasisi za GS1; namba zinazotolewa na GS1 Tanzania huanza na 620, na zile za Kenya huanza na 616. Kwa matumizi ya ndani ya duka lako mwenyewe, kama vile kuhesabu mali, unaweza kutumia namba zako. Bidhaa ikitoka kwenda kwa mwingine, tafuta namba halali.

MTEGO WA ROLI

Bei ya mashine hulipwa mara moja; roli hulipwa maisha yote ya mashine. Kwa hiyo kabla ya kuipenda mashine, uliza roli zake zinapatikana kwa wauzaji wangapi.

Wapo watengenezaji wanaoifunga mashine ili itumie roli zao tu. Mfano unaojulikana ni mfululizo wa LabelWriter 550 wa kampuni ya Dymo: kila roli lina kijisahani cha kielektroniki, na mashine isipokitambua haichapi. Anayezipata roli hizo kwa urahisi huenda asione tatizo. Aliye Songea au Kigoma, anayesubiri mzigo kutoka Dar es Salaam, mashine hiyo inaweza kumlaza bila kazi ilhali roli za aina nyingine zimejaa dukani.

Hata mashine zisizofungwa zina vipimo vyake. Mashine za mezani kwa kawaida hutumia roli lenye kiini cha milimita 25. Zile kubwa za viwandani hutumia cha milimita 76. Roli la bei nafuu lenye kiini kikubwa na unene mwingi halitaingia ndani ya mashine ya mezani. Utepe nao una upande wenye wino: kuna unaokunjwa wino ukiwa ndani na unaokunjwa wino ukiwa nje. Ukinunua usiolingana na mashine, utachapa lebo tupu mchana kutwa ukidhani mashine imekufa. Hali kadhalika, upana wa utepe uzidi kidogo upana wa lebo, ili kichwa cha kuchapia kisisuguliwe na karatasi kavu.

NANI ANUNUE NINI

Anayeuza kwa njia ya mtandao na kutuma vifurushi: mashine isiyo na utepe, yenye uwezo wa lebo za milimita 100 kwa 150. Kifurushi hufika kwa siku chache na lebo hutupwa. Hapa utepe ni gharama ya bure.

Duka la nguo, viatu au vipodozi linalobandika bei: mashine ndogo isiyo na utepe inafaa, mradi mali ibadilike haraka na isikae juani.

Mtengenezaji wa chakula, asali, sabuni au mafuta: mashine yenye utepe, au lebo za kiwandani pamoja na mashine hiyo kwa ajili ya tarehe. Kwa chupa za mafuta na sabuni, tumia lebo za plastiki na utepe wa resini au wa mchanganyiko.

Muuza samaki na nyama za kugandisha: utepe, pamoja na lebo zenye gundi maalumu ya baridi. Gundi ya kawaida haishiki kwenye barafu. Bandika kabla ya kugandisha.

Anayeanza, mwenye oda chache na jina ambalo bado linabadilika: steshenari. Bado hujajua lebo yako itakuwaje mwaka ujao.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Omba muuzaji akuchapie lebo 5 za bidhaa yako hapohapo, zenye tarehe na bakodi. Muuzaji anayekataa amekwisha kukujibu. Kwanza ikwaruze moja kwa ukucha kwa nguvu: ikiacha mstari mweusi, ni karatasi ya joto, hata kama umeambiwa vingine. Kisha nenda nazo nyumbani. Moja ibandike kwenye kioo kinachopigwa na jua. Ya pili iweke kwenye jokofu, uitoe, uifute kwa kitambaa. Ya tatu ipake tone la mafuta ya kupikia. Ya nne ipake spiriti. Ya tano ifungie kabatini iwe shahidi. Baada ya wiki moja ziweke pamoja, kisha peleka zile zilizosalimika kwenye duka lenye mashine ya kusoma bakodi uzijaribu.

Rudi kwa muuzaji na maswali yafuatayo:

1. Roli na utepe vinauzwa na nani mwingine zaidi yako, na kwa bei gani?
2. Kichwa cha kuchapia kikichakaa, kinapatikana nchini? Kinagharimu sehemu gani ya bei ya mashine?
3. Mashine inafanya kazi na kompyuta au simu niliyonayo sasa? Nionyeshe.
4. Dhamana ni ya muda gani, na fundi yuko mji gani?
5. Ikiisha dhamana, nikitumia roli la mwingine, mashine itachapa?

Ukishainunua, safisha kichwa cha kuchapia kwa spiriti na kitambaa laini kila unapobadili roli, mashine ikiwa imezimwa na imepoa. Gundi iliyoganda isikwanguliwe kwa kisu. Mkwaruzo mmoja huacha mstari mweupe kwenye kila lebo itakayofuata, na mstari huo ukipita kwenye bakodi ndio mwisho wa kusomeka kwake. Tumia adapta iliyokuja na mashine, na kwenye umeme unaoyumba weka kidhibiti.

Mjasiriamali wetu wa achari hakuitupa mashine yake. Sasa anachapia lebo za katoni anazosafirisha, kazi inayoiweza vizuri. Lebo za chupa anachapisha kiwandani kwa rangi, na tarehe anazipiga kwa mashine yenye utepe aliyoinunua kwa kushirikiana na jirani yake anayefungasha asali. Kila mmoja ana roli zake, na gharama ya mashine wamegawana nusu kwa nusu. Duka lile limempokea tena, kwa katoni 1 kwanza.

Kizuri chajiuza, lakini kwenye rafu ya duka kubwa kizuri hakina mdomo. Lebo ndiyo inayokisemea, na inapaswa kuendelea kukisemea hadi siku chupa ya mwisho itakapobebwa.